Ukianza kusoma daftari za wezi wadogo wa Ayalandi

Mgeni akifungua kwa mara ya kwanza daftari za Petty Sessions, zile mahakama ndogo za vijijini Ayalandi ya karne ya 19, hukimbilia safu ya adhabu. Nami nilifanya hivyo. Wewe anza na safu ya mashahidi.

Makosa yenyewe ni ya njaa na baridi: tanipu zilizong'olewa shambani, kuku, shati lililoanikwa juu ya ua, mboji kavu ya kuwashia moto, yaani udongo wa kinamasi uliokatwa na kukaushwa. Angalia mwaka. Kesi ya 1847, Njaa Kuu ikiwa imepamba moto, usiisome kama ya 1870.

Kwenye mashahidi, mara nyingi utakuta konstebo na mwenye mali, basi. Usikimbilie kuandika kwamba majirani hawakuona kitu. Aliyemtaja jirani mbele ya polisi alihesabiwa msaliti, na mahakimu wengi walikuwa wenye ardhi, watu wa tabaka lile lile lililokusanya kodi za mashamba. Nani angejipeleka hapo kwa hiari?

Kimya cha mshitakiwa ni kingine kabisa. Katika kesi ya jinai, kwa kawaida sheria haikumruhusu kula kiapo na kujitolea ushahidi mwenyewe. Uingereza ilibadili hilo mwaka 1898, lakini Ayalandi ikasubiri hadi 1924. Mimi nilijaza kurasa nikieleza kwa nini watu wale "walikataa kujitetea". Zote nikazifuta.

Halafu kuna lugha. Kule magharibi, Galway na Mayo, mashahidi wengi walieleza kwa Kiayalandi, mkalimani akageuza kuwa Kiingereza, karani akabana yote katika mstari mmoja. Sisi tuliozoea shahidi aseme Kiswahili na hakimu aandike Kiingereza hatuhitaji kufundishwa kinachodondoka njiani. Maelezo marefu zaidi yasake katika magazeti ya wilaya, ila yachuje: baadhi ya waandishi walipenda kukejeli matamshi ya wakulima ili wasomaji wa mjini wacheke.

Mwisho, kila unaponakili jina, nakili na kitongoji chake. Watu watatu kuitwa jina moja katika parokia moja ni kawaida tu, na bila kitongoji utamfunga asiyehusika. Mimi nimeshamfunga mmoja. Ilinibidi nirudie daftari zima ili nimtoe.