Maswali ya Wasomaji: Pipa la Mafuta Lilivyogeuka Ala ya Muziki

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, niliona kwenye televisheni kundi la vijana wakigonga mapipa ya chuma yaliyokatwa, nayo yakatoa sauti nyororo kama ya kinanda. Mtangazaji alisema hiyo ni ngoma ya Kiafrika, lakini hapa pwani sijapata kuiona. Asili yake ni wapi, na pipa tupu linawezaje kutoa wimbo kamili?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ala uliyoiona ni stilipani, na ilizaliwa katika kisiwa cha Trinidad, karibu na pwani ya Venezuela, kati ya miaka ya 1930 na 1940. Mtangazaji hakukosea kabisa, kwa kuwa walioibuni wengi wao walikuwa vizazi vya Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Hata hivyo, kuiita ngoma ya Kiafrika ni kuwadhulumu vijana maskini wa Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad, walioitengeneza kwa mikono yao, wakati watu wenye hadhi wakiwaona kuwa wahuni.

Kisa chake kinaanzia kwenye marufuku. Mwaka 1881, wakati wa kanivali, yaani sherehe ya ngoma na maandamano mitaani, wananchi walipambana na polisi katika mitaa ya Port of Spain, na katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ya Uingereza ikapiga marufuku ngoma za ngozi. Watu hawakuacha kucheza. Walikata mianzi ya urefu mbalimbali, minene wakaitwanga ardhini na myembamba wakaigonganisha, hata msafara mzima wa kanivali ukaenda kwa midundo ya mianzi. Lakini mwanzi hupasuka upesi, kwa hiyo katika miaka ya 1930 vijana wakaanza kuokota makopo ya rangi, mabati ya biskuti na vifuniko vya mapipa ya taka, ambavyo vilikuwa na kishindo zaidi na vilidumu. Ndipo walipogundua kwamba bati likibonyea mahali fulani, mahali hapo hutoa sauti tofauti na pengine.

Nani aligundua kwanza ni jambo ambalo Watrinidad wenyewe wanalibishania hadi leo. Wengi humtaja Winston "Spree" Simon, na Ellie Mannette hutajwa kwa kutumia pipa kubwa la mafuta, la takribani lita 200, na kwa kuvalisha vijiti mpira ili sauti isiwe kali. Kwa maoni yangu, ugunduzi huu ni wa mitaa mizima iliyokuwa ikishindana, kila kundi likitaka kulishinda jirani yake kwa noti moja zaidi, yaani sauti moja zaidi ya muziki.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Fundi huligeuza pipa juu chini, kisha hulipiga kitako chake kwa nyundo nzito hadi kibonyee kama bakuli. Ndani ya bakuli hilo huchora maeneo ya noti, na kwa tindo butu hugongagonga mistari ya mipaka ili eneo moja likitikisika lisiliamshe jingine. Baadaye hukata ubavu wa pipa, hulipasha moto, kisha huanza kazi ngumu kuliko zote, yaani kulinganisha sauti kwa nyundo ndogo, akigonga juu na chini ya bati huku ametega sikio. Eneo kubwa hutoa sauti nzito na eneo dogo hutoa sauti nyembamba. Ndiyo maana pipa la sauti za juu hubeba noti nyingi na ubavu wake hukatwa mfupi, ilhali la besi, yaani la sauti nzito, huachwa zima na hubeba noti tatu hivi tu, hata mpigaji mmoja akalazimika kusimama katikati ya mapipa sita au zaidi.

Mwaka 1951 kundi la wapigaji lilipelekwa London kwenye Tamasha la Uingereza, na heshima ya ala hii ikaanza kupanda hata nyumbani. Tangu 1963 makundi hushindana karibu kila mwaka katika shindano la Panorama.

SWALI: Je, lile kasha la mbao ambalo mpigaji hulikalia nalo limetoka Trinidad?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Hilo ni kahoni, na ni la Waafrika wa pwani ya Peru, ambao waligeuza makasha ya mizigo kuwa ngoma. Mpigaji huligonga kwa viganja ubao mwembamba wa mbele: katikati hutoa mshindo mzito, na ukingo wa juu hutoa mlio mkali. Wengi hudhani ni la Hispania, kwa sababu mpiga gitaa wa Hispania, Paco de Lucía, alilikuta Lima, mji mkuu wa Peru, katika miaka ya 1970 akalichukua hadi kwenye muziki wa flamenko wa kwao, na mafundi wa Hispania wakaongeza nyuzi ndani yake ili lilie kwa mkwaruzo. Kasha la Kiperu halina nyuzi hizo, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kuyatofautisha.