Firigisi ya baba, kilemba cha mjomba na mtani aliyezuia jeneza

Mwenzetu ameuliza ni desturi gani za kwetu, au za ndani ya familia zetu, zinazowaacha wageni vinywa wazi, na kama zina maana yoyote au ni mazoea tu yaliyorithiwa. Nitajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe. Nimekulia Ngamiani, Tanga mjini, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Kwa upande wa mama tuna mji wetu Muheza, ambako babu, Mzigua wa asili, alihamia akalima michungwa hadi alipofariki. Mke wangu ni Mhaya wa Muleba, na ni yeye hasa aliyenifumbua macho, kwa sababu mambo ambayo mimi niliyaona ya kawaida tangu utotoni yeye aliyauliza moja baada ya jingine, tena mbele ya wazee.

Baada ya kuulizwa sana nilifikia rai hii: nyingi ya desturi zetu zinazochekesha ni hesabu ya stahiki. Kila mtu katika ukoo ana kitu chake, kiwe kipande cha nyama, kiwe kitambaa, kiwe ruhusa ya kusema maneno ambayo mwingine akiyasema atapigwa, na mgeni hushangaa kwa sababu anaona kitu chenyewe bila kumwona mwenye nacho.

Chukua firigisi. Kwetu, na katika sehemu nyingi za nchi hii, kuku akichinjwa firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Akiwapo mgeni wa heshima huweza kupewa yeye, lakini uamuzi huo ni wa baba, si wa mpishi. Watoto tulijua tangu tukiwa wadogo kwamba mgao wetu ni shingo, vipapatio na miguu, na wala hatukuona kuwa tumedhulumiwa. Mke wangu alipopika kuku kwa mara ya kwanza nyumbani kwa wazazi wangu, aliiosha firigisi vizuri, akaikatakata vipande vidogo pamoja na maini, akaichanganya kwenye mchuzi ili kila mtu aonje. Baba akakaa mkekani, akanawa, akavuta bakuli. Alizungusha upawa taratibu, akainua kipande, akakirudisha, akazungusha tena. Hakukasirika, lakini aliuliza kwa sauti ya mtu anayefanya uchunguzi: "Huyu kuku alizaliwa hana firigisi?" Mama alitazama pembeni. Wadogo zangu walitoka nje wakisingizia kwenda kuchota maji, na kicheko chao kikasikika mpaka kwa jirani.

Mke wangu alidhani baba ni mlafi, na ilinichukua muda kumweleza kwamba baba huenda hata haipendi sana firigisi yenyewe, na kwamba mara nyingi huimega nusu akampa mjukuu. Anachotaka ni kuiona ikiwa nzima, ili kumega kuwe kwake. Tangu hapo huipika nzima na kuiweka juu ya bakuli pahali inapoonekana, na mzee huigawa yote bila kubakiza.

Naye ana ya kwao. Msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa, unapofika Kagera, mwishoni mwa mwaka wakati wa mvua, ndugu zake humtumia senene kwa basi, waliokaangwa na kukaushwa vizuri. Mama yangu alipofunua chombo mara ya kwanza alikifunika tena haraka kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake. Lakini mke wangu alitusimulia jambo ambalo mimi nililiona la ajabu kuliko kula senene: zamani katika Uhaya wanawake ndio waliokusanya senene na kuwanyonyoa mabawa na miguu, kazi ya kukesha, lakini wao wenyewe hawakuruhusiwa kuwala. Mume aliyeletewa senene alipaswa kumpa mkewe nguo mpya. Yaani hapo pia kuna hesabu, huyu anakula na huyu anavaa, ingawa ukiniuliza mimi hesabu hiyo ilimpunja mama. Nashukuru imekwisha, kwa kuwa mama mkwe wangu anakula senene bila kumwomba mtu ruhusa, na kitenge anakitaka vilevile.

Kwenye posa na harusi stahiki hizi hudaiwa waziwazi, na wageni wengi hukwazika hapo. Barua ya posa hupelekwa na mshenga, imefungwa kwenye leso pamoja na fedha kidogo, na majibu hayatolewi siku hiyohiyo hata kama binti na kijana wameshaafikiana miaka mingi. Yanaporudi majibu, huja na orodha. Mbali na mahari, ambayo kwa Waislamu ni ya binti mwenyewe, kuna mkaja wa mama, kuna ubeleko, kuna kilemba cha baba au cha mjomba. Mkaja ni kitambaa ambacho mama alijifunga tumboni baada ya kujifungua, na ubeleko ni nguo aliyombebea mtoto mgongoni, kwa hiyo anayeoa anamrudishia mama nguo zilizochakaa kwa sababu ya huyu binti. Siku hizi wengi hutoa fedha kwenye bahasha na kuandika juu yake jina la kila kifungu, lakini shangazi yangu mmoja alizikataa bahasha mbele ya watu wote na kusema anataka doti ya kanga anayoweza kuishika, kwa sababu fedha wanaume watazichukua wakanunulie mabati. Ilibidi kijana mmoja atumwe dukani kwa baiskeli huku shughuli imesimama.

Mjomba naye si wa kupuuzwa. Kwa Wazigua, na kwa Wadigo wa zamani ambao mwana alimrithi mjomba wake, ndugu wa kiume wa mama alikuwa na sauti kuliko watu wa bara wanavyodhani, na mpaka leo katika familia yetu hakuna binti anayeozwa bila mjomba kukaa kwenye mkeka na kusema amepokea. Nimewahi kuona harusi iliyokamilika kila kitu, wali umeiva, shehe amefika, ikasubiri mjomba mmoja aliyekuwa amepanda gari la kuchelewa kutoka Handeni.

Halafu kuna mlango. Bwana harusi anapofika chumbani kwa bibi harusi hukuta umefungwa kwa ndani, na wanaoushika ni makungwi, mashangazi na bibi. Noti husukumwa chini ya mlango, hunyakuliwa, na sauti hutoka ndani: "Hii ni ya bawaba. Ya kitasa iko wapi?" Rafiki yangu mmoja wa Dodoma alikereka sana siku ya harusi yake, akaona anatozwa kama abiria. Nilimwambia ahesabu walio ndani, ajue kwamba hao ndio waliomsinga bibi harusi, waliomfunza na walioamka naye alfajiri siku zote za uwali wake, na kwamba hakuna karatasi yoyote ya malipo watakayopewa isipokuwa hizo noti za chini ya mlango. Ninachokubaliana naye ni kwamba orodha za siku hizi zimevimba. Kuna familia zinazobuni vifungu ambavyo bibi zao hawakuvijua, na kijana anaanza ndoa akiwa na madeni.

Yote hayo ni madogo ukilinganisha na utani wa msibani. Utani kati ya Wanyamwezi na watu wa ukanda wetu, Wazigua na Wazaramo wakiwamo, mara nyingi huelezwa kuwa ulikua kwenye njia za misafara, wakati wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo na Sadani wakipitia nchi za watu hawa kwenda na kurudi. Huku kwetu Tanga ulipata nguvu nyingine kwa sababu ya mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na mashamba yalipoenea yalihitaji watu wengi kuliko waliokuwapo, ndipo wakaletwa vibarua wa mikataba kutoka mbali, wale walioitwa manamba, na miongoni mwao walikuwamo Wanyamwezi. Wengine hawakurudi kwao. Watoto na wajukuu zao ndio majirani zetu wa Muheza, na ndio watani wetu.

Babu alipofariki, jirani yetu mmoja, mzee wa Kinyamwezi aliyezaliwa kambini kwenye mkonge, alifika kabla hata ya baadhi ya watoto wa marehemu. Alikwenda moja kwa moja kwenye msumari ulioning'inizwa kofia ya babu, akaivaa, akachukua mkongojo wake, akaketi kwenye kiti chake cha uvivu barazani. Kisha akakohoa. Ilikuwa ndiyo kabisa kikohozi cha babu, kile cha kuvuta na kumalizia kwa mguno, na baada yake akaita wajukuu kwa sauti ileile ya babu, akituuliza nani ameacha mbuzi wameingia kwenye michungwa. Mke wangu aliganda. Akanishika mkono na kuniuliza kwa nini hakuna anayemtoa mwendawazimu huyu. Wakati huohuo kutoka ndani, walikokaa wanawake, ilisikika sauti ya bibi yangu akicheka huku analia, amejifunika kanga mdomoni. Mzee yule akamjibu kupitia dirishani: "Mke wangu, usijitaabishe kulia, mume mwingine ndiye huyu amekwishafika, na kofia inanikaa."

Jeneza lilipotolewa, alilala chini mbele ya hatua ya mlango. Hatoki mtu, alisema, mpaka alipwe kuku wake aliyeliwa na marehemu zamani za ujana wao. Wajomba wakatoa fedha. Akazihesabu, akasema hizo ni za manyoya tu. Zikaongezwa. Alipoinuka ndipo alipowageukia wajomba zangu na kuwaambia, sasa bila mzaha sana usoni, kwamba paa la nyumba ya marehemu linavuja kutoka masika yaliyopita, na kwamba wanaume waliovaa suruali zilizopigwa pasi namna ile wangeweza kununua mabati kabla ya kununua sanda. Hakuna mwana ukoo ambaye angelithubutu kuyasema hayo pale. Kaka mkubwa wa mama aliinamisha kichwa. Paa liliezekwa upya kabla ya arobaini.

Jambo ambalo mgeni halioni ni kwamba mzee yuleyule ndiye aliyekuwa ameamka alfajiri kuongoza vijana waliochimba kaburi, na sehemu kubwa ya fedha alizowatoza wajomba aliiweka mwenyewe kwenye sahani ya rambirambi, akabakiza za tumbaku. Mtani ana haki ya kuchukua na haki ya kusema, lakini ana kazi pia, na asipofika msibani mwenyewe hutozwa. Wapo mashehe wasioupenda utani huu mbele ya jeneza, na hoja yao ya staha ya maiti naielewa. Kijijini kwetu wamefikia mwafaka kwamba mzaha uishie mlangoni na usifike makaburini, nami naona ni mwafaka mzuri.

Nitaje mengine kwa kupita. Mwanangu wa kiume amepewa jina la baba yangu, na kwa kuwa mkamwana hatamki jina la mkwewe, mke wangu humwita mtoto "Baba", mama yangu naye hamtaji mumewe kwa jina, kwa hiyo naye humwita hivyohivyo, na jioni majirani husikia wanawake wawili wakipiga kelele, "Baba, toka kwenye matope!" Bakuli la futari lililoletwa na jirani halirudishwi tupu, hata ukitia tende tatu. Kufagia usiku ni kufukuza riziki, na ukimruka mtoto miguu inabidi urudi uliporukia ili asidumae. Hizi za mwisho sioni stahiki ya mtu ndani yake. Nadhani zilikusudiwa tu watoto watulie na sindano zisipotee gizani. Kuna moja naishukuru kwa kutoweka, nayo ni ile ya kigego, mtoto anayeota meno ya juu kwanza, ambaye zamani aliogopwa kama mkosi. Masimulizi ya Usambaa yanasema hata Mbegha, mwindaji kutoka Unguu aliyekuja kuwa mtawala wa kwanza wa Wakilindi, ukoo uliotawala Usambaa, alikuwa kigego aliyekataliwa na ndugu zake, na Wasambaa walimpokea kwa kuwa aliwagawia nyama.

Kwa aliyeuliza, kama unakuja Tanga kwa posa au kwa msiba, shauri langu ni haya. Tafuta mshenga wa hukuhuku, kwa sababu mgeni hutozwa faini hata kwa namna alivyopiga hodi. Uwe na noti ndogondogo mfukoni, maana mlangoni hakuna chenji. Mezani usichague nyama mpaka mwenye nyumba aguse bakuli. Na mtani akikushika kola msibani, usimwite polisi wala usimjibu kwa hasira, na usijaribu kumtania mpaka umeulizia kabila lake na lako, kwa sababu utani ukimrushia asiye mtani wako ni tusi, na hapo faini yake hailipwi kwa noti ndogo.