Swali la Katibu wa Tandika: Suluhu Ipewe Sifuri?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa ligi ya mtaa hapa Tandika. Tuna timu 10, uwanja mmoja wa mchanga, na bingwa anachukua mbuzi na seti ya jezi. Msimu uliopita suluhu, yaani sare za 0-0, zilitumaliza. Jumapili moja tulicheza mechi mbili, dakika 180, nyavu hazikutikisika hata mara moja, watu wakahamia kibanda umiza kuangalia mpira wa Ulaya. Kamati sasa inataka kubadili pointi: ukishinda 4, ukifunga mabao matatu au zaidi unaongezewa 1, sare ya mabao 1, suluhu sifuri kwa wote. Viongozi wa timu mbili wamegoma. Wewe umechezesha miaka mingi, unasemaje?
*Katibu, Tandika*

JIBU: Marahaba mwanangu. Acha nianze na aibu yangu mwenyewe.

Magoti yaliponikatalia kupuliza filimbi, vijana wa mtaani kwetu Mbagala walinipa uenyekiti wa kamati ya mashindano. Nikaja na wazo lilelile la kwenu: suluhu haina pointi. Nilijiona nimegundua kitu, kumbe Wabulgaria walishalijaribu kwenye ligi yao miaka ya 1980 na wakaliacha. Wiki tatu za mwanzo ilikuwa raha tupu. Wiki ya nne kulikuwa na mechi ya timu mbili zilizochoka, jua kali, dakika ya 80 hakuna bao. Mchezaji mmoja akalala chini kwa mkazo wa misuli, na wakati anavutwa mguu nikawaona manahodha wanateta katikati ya uwanja. Mpira ulipoanza, beki akarudisha pasi kwa kipa wake, kipa akainama kufunga kamba za viatu. Mpira ukampita taratibu mpaka wavuni. Hakuna aliyelalamika. Dakika mbili baadaye kipa wa upande wa pili naye kamba zikamlegea. Bao 1-1, kila mtu na pointi yake. Mama mmoja anayeuza mihogo nyuma ya goli akapaza sauti: "Refa, na wewe funga zako!"

Sikuwa na kanuni ya kuwaadhibu. Kanuni niliyoiandika mimi ndiyo iliyowapatanisha. Suluhu ikiwa sifuri na 1-1 ikiwa pointi moja, timu mbili zilizokwama zina kila sababu ya kuuziana bao.

Kuhusu ushindi kuwa na pointi 4, turudi nyuma kidogo. Ligi ya Uingereza ilipoanza Septemba 1888, walikuwa hata hawajaelewana pointi zitatolewaje. Uamuzi wa 2 kwa ushindi na 1 kwa sare ulikuja Novemba, watu wakiwa katikati ya msimu. (Hili msiige. Kanuni ipigwe muhuri kabla ya mechi ya kwanza, na kila nahodha asaini.) Hesabu hiyo ikakaa karibu miaka mia moja, mpaka 1981 Waingereza walipopandisha ushindi kuwa pointi 3, kwa ushawishi mkubwa wa Jimmy Hill, mchezaji wa zamani aliyekuwa mtu wa televisheni. Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994 kule Marekani.

Watu wengi wanadhani pointi ya tatu ni zawadi kwa mshindi tu. Mimi naiangalia kwa upande wa pili. Zamani kila mechi ilikuwa na pointi mbili mezani: ama mmoja anabeba zote, ama mnagawana. Hakuna kinachopotea. Sasa ziko tatu, lakini mkitoka sare mnapewa moja moja na ya tatu inayeyuka, haendi nayo mtu. Hiyo pointi iliyoyeyuka ndiyo kiboko cha sare. Mkiweka 4, zinayeyuka mbili.

Na inauma kweli. Unaikumbuka San Pédro kule Ivory Coast, Januari 2024, Tanzania tulipocheza na Zambia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON)? Msuva alifunga mapema, Zambia wakabaki 10 uwanjani, tukashikilia bao letu mpaka dakika ya 88, Patson Daka akasawazisha. Nilikuwa kwenye kibanda umiza pale Rangi Tatu na hakuna aliyesema tumepata pointi moja. Wote tulisema tumepoteza mbili. Kwa hesabu ya zamani tungekuwa tumepoteza moja.

Lakini usiitukane sare haraka. Kwenye kundi lilelile, DR Congo hawakushinda mechi hata moja. Walitoa sare tatu, mojawapo suluhu na sisi, wakapita na pointi 3 na kufika nusu fainali. Nasi wenyewe kule Morocco, kwenye AFCON ya 2025, tulifungwa na Nigeria, tukatoa sare na Uganda na Tunisia, na kwa pointi 2 tukaingia 16 bora kwa mara ya kwanza. Mwambie shabiki wa Taifa Stars kwamba sare haina thamani uone kama utamaliza kahawa yako.

Je, pointi 3 zilileta mabao? Italia 1990, wakati ushindi ulikuwa 2, yalifungwa mabao 115 katika mechi 52. Marekani 1994, mechi 52 zilezile, mabao 141. Kamati yako itaishika namba hiyo kama karata ya turufu, lakini uwakumbushe kwamba katikati hapo, mwaka 1992, kipa alikatazwa kudaka pasi ya mguu ya mwenzake. Mimi nilichezesha kabla na baada ya katazo hilo, na kwa macho yangu liliubadilisha mpira kuliko pointi. Wasomi wawili, Garicano na Palacios-Huerta, waliichunguza ligi ya Hispania ilipohamia pointi 3 mwaka 1995. Walichokiona ni timu iliyotangulia kufunga kuongeza mabeki, na rafu kuzidi. Ina maana: ukishakuwa na tatu mkononi, unazilinda kwa meno. Filimbi yangu inakubaliana nao.

Tena pointi zinaweza kubadili bingwa bila mchezaji kubadilisha chochote. Msimu wa 1994/95 Blackburn walichukua ubingwa wa Uingereza kwa pointi 89, Manchester United 88. Chukua kalamu. Blackburn walishinda 27 na sare 8, United walishinda 26 na sare 10. Kwa hesabu ya zamani wote wana 62, na United walikuwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao, 49 kwa 41. Kombe lingekwenda kwingine. Ndiyo maana hao viongozi wawili wamegoma. Nadhani wameshapiga hesabu za msimu uliopita, na mbuzi kwao amegeuka wa jirani.

Hiyo pointi ya nyongeza ya mabao matatu ifute kabisa. Wafaransa waliwahi kuwa nayo miaka ya 1970 na hawakukaa nayo. Kwenu ni mbaya zaidi, maana siku ya mwisho kutakuwa na timu isiyo na cha kupoteza ikicheza na inayotaka pointi 5, na Tandika yote mnajuana. Bao la tatu litapatikana kwa bei ya soda.

Mkinilazimisha kubadilisha kitu, basi hiki: mkitoka sare, ya mabao au suluhu, pigeni penalti palepale. Mshindi wa penalti achukue 2, aliyeshindwa 1. Aliyeshinda ndani ya dakika 90 abaki na 3. Norway walifanya hivyo mwaka 1987, na Argentina wakajaribu msimu wa 1988/89. Ninachokipenda ni kwamba pointi tatu zinagawiwa zote kila siku, hakuna inayoyeyuka, na hakuna faida ya kufunga kamba za viatu. Ubaya wake upo: timu dhaifu itapaki basi, yaani itarundika wote nyuma, ikisubiri penalti. Na ubaya mwingine ni wa kwenu tu, giza. Mna uwanja mmoja, mechi ya pili mkiianza saa 10 na nusu jioni, penalti zitapigwa watu wanatafuta mpira kwa tochi za simu. Ya kwanza ianze saa 7 na nusu, ya pili saa 9 na nusu, na mapumziko yasizidi robo saa.

Jambo la mwisho ambalo hukuniuliza: mechi za siku ya mwisho zenye kuhusu ubingwa zichezwe muda mmoja. Mwaka 1982 pale Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua tayari kwamba 1-0 ya Wajerumani inawavusha wote wawili na kuwatoa Algeria. Bao likaja mapema, halafu wakapasiana mpaka filimbi. Tangu Kombe la Dunia la 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa pamoja. Najua uwanja ni mmoja. Kaazime wa jirani kwa siku hiyo moja, hata kama mtawalipa kwa maji ya kunywa.

SWALI: Mzee, wapinzani wetu hawakutokea uwanjani, kamati imetupa ushindi wa mezani. Straika wetu anasema mabao ahesabiwe yeye kwa kuwa anawania ufungaji bora, na siku hiyo alikuwa ameshavaa viatu.
*Kocha, Kigamboni*

JIBU: Mnapata pointi tatu na mabao matatu kwenye msimamo. Yeye hapati hata moja. Anaweza kuvua viatu.