Jibu: Jikoni na weita hawapatani, je, siku ya ufukweni itasaidia?

Dada, umeuliza kama utoe pesa uwapeleke wafanyakazi wako 30 wa hoteli ya Malindi ufukweni wakacheze, maana jikoni na weita hawasemezani. Safari hiyo iache kwanza. Ugomvi wa aina hii mara nyingi huzaliwa pale oda inapotoka mkono mmoja kwenda mwingine, na michezo haifiki hapo.

Watu 30 si timu moja. Zidisha idadi ya watu kwa idadi hiyo hiyo ukipunguza mmoja, kisha gawa kwa mbili: watu 6 wana njia 15 za kuzungumza wawili wawili, watu 30 wana 435. Ndiyo maana maneno yanapotea. Panga vikundi kwa zamu badala ya idara: wapishi, weita na mwosha vyombo wa zamu moja wawe chini ya supavaiza mmoja, na rota, yaani ratiba ya zamu, isiwavuruge kila wiki.

Kazi kubwa iko kwenye kupokezana zamu. Ikiwa asubuhi inaisha saa nane mchana, zamu ya pili ifike saa nane kasorobo, na hiyo robo saa ilipwe. Usipoilipa, watachelewa, na watakuwa na haki. Wakutane wamesimama, karibu na dirisha la kutolea chakula. Yasemwe haya tu: vyumba vinavyoingiza wageni, chakula kilichokwisha, mgeni mwenye mzio, kilichoharibika na nani anakishughulikia. Yaandikwe kwenye daftari moja lenye safu tano: saa, jambo, aliyesema, aliyepokea, lilikwisha lini. Safu ya nne ndiyo roho ya daftari. Jambo lisilo na jina la mtu halina mwenyewe.

Kinachoharibu kikao hiki ni meneja kukigeuza baraza la kukaripia. Mtu akisutwa mbele ya wenzake kwa kusema samaki wameisha, kesho atanyamaza, na weita atauza samaki ambao hawapo. Makosa ya mtu yasemwe faragha. Ijumaa, kikao kisiangukie wakati wa sala. Ramadhani, waulize wanaofunga wangependa zamu ipi kabla rota haijabandikwa.

Halafu bakshishi. Ningeanza kuchunguza hapo, kwa sababu mgeni humpa weita na mpishi haoni kitu. Weka sanduku moja, mkubaliane pointi: weita 3, mpishi 3, mwosha vyombo 2. Weita 6, wapishi 4 na waosha vyombo 3 ni pointi 36. Sanduku likiwa na shilingi 18,000, pointi moja ni 500: weita na mpishi 1,500 kila mmoja, mwosha vyombo 1,000. Wahesabu watu wawili wa idara tofauti, hesabu ibandikwe ukutani. Meneja asiguse sanduku, wala asiwe na pointi. Weita watanung'unika mwanzoni, kwa hiyo jadilianeni kabla ya msimu, kabla pesa hazijaanza kuingia.

Usitarajie utulivu wa haraka. Mwanasaikolojia Mmarekani Bruce Tuckman aliandika mwaka 1965 kwamba kikundi hupitia kukutana, kugombana, kukubaliana taratibu, ndipo kikafanya kazi vizuri. Pwani tunarudi mwanzo kila mwaka, maana hoteli nyingi hupunguza watu masika na kuajiri vibarua wapya msimu ukianza. Mpya apewe mwenyeji wa zamu yake wa kumshika mkono wiki ya kwanza.

Ukishayafanya hayo na bado unataka ufukweni, nenda Mei au Juni, siku ya kazi, si siku yao ya mapumziko. Kuogelea kusiwe lazima. Bahari ya kusi, upepo wa miezi hiyo, ni kali. Kuvuta kamba mama wa buibui hatakufurahia, na hakufundishi unachodhani: mhandisi Mfaransa Maximilien Ringelmann alichapisha vipimo vyake mwaka 1913, na watu 8 wakivuta pamoja kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu zake za peke yake, sehemu kwa kutovuta kwa wakati mmoja, sehemu kwa kutegeana. Afadhali vikundi vidogo vya idara mchanganyiko, kila kimoja kionje vyakula vitatu vya menyu mpya na kiseme kitamweleza vipi mgeni. Pilau nunua kwa mama wa nje. Ukiwaambia wapishi wako wapike siku hiyo, umewapeleka kazini tu.