Maswali yenu ya mazoezi: pumzi ya Mbeya, mapaja baada ya Loleza na presha ya mtu wa bajaji

Baridi ya Juni ikianza huku kwetu maswali nayo yanabadilika, watu wanapunguza kuuliza habari za tumbo wanaanza kuuliza kifua na magoti. Nimechukua machache, yaliyofanana nimeyajibu pamoja. Na wewe uliyeandika toka Vwawa kuhusu goti lililovimba mwezi mzima, nakuomba sana nenda hospitali wakalione, hilo sio la kujibiwa gazetini.

Kocha habari. Mi natokea Kyela, nacheza winga, nyumbani nilikuwa namaliza dakika 90 bila shida ila toka nimekuja chuo hapa Mbeya nikikimbia dakika ishirini tu pumzi imekata mpaka naona aibu. Wenzangu wanasema nina mapafu madogo. Ni kweli? Na nitazoea lini? – Winga, Iyunga

Mdogo wangu mapafu yako hayana ubaya wowote, ulichobadilisha ni mwinuko. Kyela ipo pale pembeni ya Ziwa Nyasa, mita kama 500 hivi toka usawa wa bahari, sisi Mbeya mjini tupo kama 1,700. Oksijeni kwenye hewa ni asilimia 21 kotekote, Kyela, Mbeya, hata juu kabisa ya mlima Rungwe, kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, yani ukivuta pumzi hapo Iyunga unaingiza oksijeni pungufu kama asilimia 18 ukilinganisha na mtu aliyesimama ufukweni Dar. Ukiwa unatembea huoni kitu, ukianza kukimbia ndo deni linakuja.

Mwili wenyewe unajua la kufanya ila unataka muda. Siku hiyohiyo uliyofika unaanza kupumua haraka na moyo unaongeza mapigo, alafu ndani ya masaa machache figo zinaanza kutoa homoni inaitwa erithropoietini, kazi yake ni kuuamsha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu zaidi za kubebea oksijeni. Sasa chembe nyekundu haziji kwa usiku mmoja, hapo tunahesabu wiki, tatu, nne na kuendelea, na kwa mwinuko wa Mbeya ongezeko lenyewe ni la wastani tu, sio kama Iten kule Kenya kwenye mita 2,400 ambako wakimbiaji wa dunia nzima wanaenda kupiga kambi.

Na usione aibu, hata mabingwa linawakuta. Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita 2,240, Naftali Temu wa Kenya akachukua dhahabu ya mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27 wakati rekodi ya dunia ya siku zile ilikuwa 27:39. Na huyo alikuwa mtu wa milimani toka utoto!

Kwahiyo wiki mbili tatu hizi usipunguze siku za mazoezi, punguza spidi. Kimbia mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzako mechi ya jana bila maneno kukatika, ikikatika umezidisha. Mara moja kwa wiki ndo uweke mbio za kasi, sekunde 30 unakimbia, dakika 2 unatembea, rudia mara 6 basi. Alafu kula madini chuma, dagaa, maharage, mboga za majani, maini ukiyapata, maana chembe nyekundu bila chuma haitengenezwi. Hii chai yetu ya Rungwe na Mufindi tunayoipenda usiinywe pamoja na chakula, inazuia chuma kunyonywa, subiri kama saa moja ndo unywe. Dada zangu mnaocheza hili linawahusu hata zaidi kwa sababu ya damu ya kila mwezi.

Ila ukisikia kifua kinapiga filimbi, au unakohoa usiku hasa hii baridi kavu ikikolea, hiyo sio mwinuko tena, kapimwe pumu. Pumu ina dawa na watu wenye pumu wanacheza mpira vizuri tu.

Jumamosi tulipanda mlima Loleza darasa zima, kupanda nilikuwa na wa mbele kabisa, Jumapili niko poa, Jumatatu siwezi kushuka ngazi za hosteli, chooni kuchuchumaa mpaka nishike ukuta. Wanasema asidi imeganda kwenye misuli niikande na maji ya moto. Nimeumia au? – Dada wa hosteli, Mbeya

Pole sana dada. Asidi haigandi, hiyo laktiki wanayoisema ukishapumzika inaondoka yenyewe ndani ya kama saa moja, kwahiyo maumivu ya Jumatatu hayawezi kuwa yake. Na kilichokuumiza sio kupanda, ni kushuka.

Jiangalie siku nyingine ukiwa unateremka. Kila hatua goti linakunja kidogo na paja la mbele linakaza kukuzuia usiporomoke, sasa linakaza huku linavutwa kuwa refu, na msuli unaofanya kazi ya hivyo unapata michubuko midogomidogo ndani ya nyuzi zake, na Loleza ina mita zaidi ya 2,600 pale juu, kutoka kule mpaka mjini ni maelfu ya hatua za namna hiyo. Mwili unaanza kufanya ukarabati, sehemu inavimba kidogo, na maumivu yanafika kileleni kati ya saa 24 na 72. Ndo maana Jumapili ulikuwa poa.

Hapa nataka wote mnisikilize maana ndo kitu navyoona watu wengi hawaambiwi. Mazoezi yenyewe hayakupi nguvu, ukitoka mlimani umechoka na uko dhaifu kuliko ulivyoenda. Nguvu inajengwa baada ya hapo, ukiwa umelala na umekula, mwili unatengeneza palipochubuka na unapaimarisha kidogo zaidi ya mwanzo. Ukirudi Loleza baada ya wiki mbili tatu utaumia kidogo sana, mteremko uleule, miguu ileile. Anayefanya mazoezi makali kila siku bila kupumzika anabomoa tu, hajengi, na anayefanya mara moja kwa miezi mitatu anaanza upya kila mara.

Saivi tembea taratibu, lala vya kutosha, kula maharage, mayai, maziwa. Maji ya moto yanatuliza, kanda tu ukipenda, ila hayaharakishi kupona. Usinunue diklofenaki, ile dawa ya maumivu, duka la dawa ukameza wiki nzima na tumbo tupu, utaharibu tumbo na figo kwa kitu ambacho kingeisha chenyewe. Ila mtu akiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, na msuli umevimba na maumivu hayavumiliki, hapo aende hospitali siku hiyohiyo asisubiri kesho.

Nafunga nailoni tumboni navaa na koti mbili ndo nakimbia asubuhi, nikipima nimepungua kilo nzima. Naendelea? – Makambako

Hapana, acha. Hiyo kilo ni maji, lita moja ya jasho ni kilo moja, ukinywa imerudi. Mafuta hayatoki na jasho, yakishachomwa mwilini sehemu kubwa inatoka kwa pumzi kama kaboni dayoksaidi. Na hakuna mazoezi wala nailoni inayochagua mafuta ya tumbo tu iache mengine. Nguo za joto vaa kwa ajili ya baridi, ukishapata moto vua, ukijifungia joto mwilini unaweza kuanguka.

Kocha naendesha bajaji hapa Kabwe, nina miaka 43, toka saa 12 asubuhi niko kwenye siti mpaka usiku. Zahanati wamenipima presha 152 kwa 96, dokta kaandika dawa na kasema nifanye mazoezi. Jimu ni hela na taimu sina. Je nikifanya mazoezi naweza kuacha dawa? – Dereva

Kaka, dawa usiache, naanza na hilo. Mazoezi ya kutembea haraka au kukimbia polepole yakifanyika kwa miezi kadhaa yanashusha ile namba ya juu kama 5 mpaka 8 hivi kwa mtu mwenye presha, ni kitu kikubwa, ila ukitoa 8 kwenye 152 yako bado haujafika salama. Dawa na mazoezi vinaenda pamoja, na siku ikifika ya kupunguza dozi atakayesema ni dokta baada ya kupima.

Swali lako limenigusa kwa sababu sayansi ya mazoezi na moyo ilianza na watu wa kazi yako kabisa. London, mwaka 1953, daktari anaitwa Jeremy Morris alitoa utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva anakaa siku nzima, konda wake anapanda na kushuka ngazi za basi akikata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Basi lilelile, barabara ileile. Makonda wakaonekana wanaugua moyo kidogo kuliko madereva, na wanaougua unawapata wakiwa na umri mkubwa zaidi na sio mkali vile. Watu wakauliza, sasa si labda waliochaguliwa udereva walikuwa wanene toka mwanzo? Wakaenda kuangalia saizi za sare, na kweli suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana hata kwa vijana. Lakini hata walipolinganisha matarishi wa posta wanaotembea na kuendesha baiskeli na makarani wa mezani picha ikawa ileile, na tafiti zilizofuata miaka hii yote zimelitia nguvu lile alilosema.

Kinachotokea ndani yako ni hiki. Moyo ukizoeshwa, kila pigo moja linasukuma damu nyingi zaidi, kwahiyo ukiwa umekaa unahitaji mapigo machache. Mishipa nayo inalainika na kutanuka kirahisi, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu. Hesabu mapigo yako asubuhi kabla hujatoka kitandani, vidole viwili kwenye mkono chini ya kidole gumba, dakika nzima, andika kwenye simu. Rudia baada ya miezi miwili ya kutembea, wengi wanaona namba imeshuka.

Taimu unayo ila imekatikakatika. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima afikishe dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kati, na hazilazimiki kuwa za mfululizo. We kijiweni unasubiri zamu robo saa umeegemea bajaji unachati, hiyo robo saa ni yako, mwachie mwenzako aangalie chombo tembea haraka mpaka uhisi joto, asubuhi moja mchana moja, siku tano umeshafika 150. Chumvi ya kuongeza mezani pia iache. Ukiwa unatembea kifua kikabana au maumivu yakashuka mkono wa kushoto, kaa chini, usijikaze, upelekwe hospitali.

Mwanangu mimi nina sukari, natumia vidonge, umri 58. Nalima bustani na kubeba ndoo, hiyo si mazoezi tayari? – Mama, Njombe

Shikamoo mama. Ni mazoezi kabisa, na mtu asikwambie hayahesabiwi kwa sababu hujavaa raba. Msuli unapofanya kazi unavuta sukari toka kwenye damu hata insulini ikiwa chache, na baada ya kazi msuli unaendelea kuisikia insulini vizuri zaidi kwa siku nzima, hata mbili. Ndo maana nakuomba usipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya kitu, hata mvua ikinyesha tembea humohumo ndani. Na ongeza kamoja, ukimaliza kula ugali wako usikae, tembea dakika 10 mpaka 15, ndo muda sukari inapanda.

Vidonge kama ni glibenklamaidi, au ukija kuanza sindano ya insulini, sukari inaweza kushuka sana ukiwa shambani. Weka ndizi mbivu au sukari mfukoni, ukianza kutetemeka na jasho la baridi, kula hapohapo. Na miguu mama, usilime peku, kila jioni kagua nyayo kwa macho, kidonda cha mwenye sukari kinaanza kimyakimya.

Kamwene kocha! Baada ya mechi Jumapili tunakunywa ulanzi, wengine wanasema unarudisha maji na nguvu. – Kihesa, Iringa

Kamwene. Ulanzi ni pombe, na pombe inaongeza mkojo kwahiyo maji yanatoka zaidi, inaharibu usingizi na inapunguza kasi ya misuli kujitengeneza, yani inakula ile kazi niliyomweleza dada wa Loleza. Kunywa kwanza maji na kula wali maharage, ugali na samaki, chochote chenye wanga na protini. Ukinywa kidogo baadae hiyo ni hiari yako. Mwenye jeraha au enka iliyoteguka asiguse siku hiyo.

Baba yangu ana miaka 74, ameacha kulima mwaka jana, saivi kuinuka kwenye kiti anahangaika. Watu wanasema uzee tu tumwache apumzike. – Kijana wake, Tukuyu

Msimwache! Msuli wa mzee ukikaa bure unaisha haraka, ila ukipewa kazi unajibu hata uzeeni kabisa. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone kule Boston alichukua wazee dhaifu wa nyumba ya kulelea wazee, umri 86 mpaka 96, wakafanya mazoezi ya uzito ya miguu wiki 8, nguvu ya mapaja ikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Sasa baba yako wa 74 ni kijana kwao.

Kama hana ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa wala hajavunjika kitu, chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani kisiteleze. Akae mbele kidogo ya kiti, nyayo chini, avute miguu nyuma mpaka visigino viwe chini ya magoti, ainamishe kifua mbele ndo ainuke akitoa pumzi, alafu akae polepole kwa kuhesabu tatu, asijitupe. Kwa kuanzia ashike mkono wako au meza. Mara 5, apumzike, mara 5 tena, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Asubuhi apate yai au kikombe cha maziwa, Tukuyu maziwa mnayo. Akifika mara 10 bila kushika popote, mpe akumbatie kifuani mfuko wa mchele wa kilo 2, muanze tena mara 5.