Maswali ya Wasomaji: Kopo la Mama na Maandishi Madogo

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii tangu toleo lililopita zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, vidonge na poda za virutubisho zinazouzwa kila mahali, kuanzia madukani hadi kwenye mikutano ya vyama vya akina mama, zina kazi yoyote mwilini? Nimechagua barua tano. Mimi ni mfamasia hapa Nakuru, na baadhi ya bidhaa hizi zimo kwenye rafu za duka ninalofanyia kazi. Naomba msomaji alijue hilo kabla ya kusoma majibu yangu.

Mama yangu ana miaka 64, anaishi Njoro, ana kisukari na anaumwa na magoti. Mwenzake katika chama alimuuzia kopo la vidonge vya viungo kwa shilingi 4,500, akamhakikishia kwamba gegedu lililosagika litaota upya. Sasa ni wiki tatu, na mama anasema anapanda ngazi za kanisa bila kushika ukuta. Nina mashaka, lakini nitamwambiaje kwamba vidonge havijamsaidia ilhali ninamwona akitembea? Nyuma ya kopo kuna kinyota na maandishi madogo ambayo nimeyanakili hapa chini. Yamewekwa kwa nini? — Mwalimu, Lanet, Nakuru

Mwalimu, tuanze na hicho kinyota. Maandishi uliyoyanakili yanasema kwamba maelezo ya kwenye kopo hayajatathminiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, na kwamba bidhaa haikusudiwi kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Mtengenezaji hakuyaandika kwa hiari yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 iliruhusu virutubisho viuzwe bila kuthibitisha kwanza mbele ya mamlaka hiyo kwamba vinafanya kazi, jambo ambalo dawa haziruhusiwi, lakini ikamlazimu anayedai kwamba bidhaa yake inaimarisha sehemu fulani ya mwili aandike onyo hilo. Ndiyo maana upande wa mbele wa kopo unasifu viungo imara na upande wa nyuma unakiri kwamba hakuna ugonjwa unaotibiwa. Aliyemwambia mama kwamba gegedu litaota upya ameahidi jambo ambalo kopo lenyewe halikuthubutu kuliahidi.

Sasa goti. Simkanushi mama yako. Akisema anapanda ngazi bila kushika ukuta, basi anapanda. Swali ni kama vidonge ndivyo vilivyompandisha. Maumivu ya goti lililochakaa hayakai mahali pamoja: kuna wiki yanawaka na kuna wiki yanatulia, na hakuna anayetoa shilingi 4,500 katika wiki ya utulivu. Mtu hutoa fedha hizo siku amezidiwa, na goti lililofika kileleni mwa maumivu aghalabu hupoa kidogo, awe amemeza kitu au hajameza. Kwa hiyo ushuhuda wa mtu mmoja, hata awe mkweli kiasi gani, hauwezi kulijibu swali hili. Panahitajika kundi la pili la watu wenye magoti kama hayo, waliopewa kidonge kinachofanana na kile lakini kisicho na kitu ndani, na asiwepo mgonjwa wala mpimaji anayejua nani alipewa kipi.

Jaribio la namna hiyo lilifanywa Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 1,583 waliwekwa katika makundi matano kwa wiki 24: wa glukosamini, wa kondroitini (viambato vya kawaida vya vidonge vya viungo), wa vyote viwili pamoja, wa dawa ya maumivu iitwayo selekoksibu, na wa kidonge kitupu. Katika kila wagonjwa 100 waliomeza kidonge kitupu, 60 walipata nafuu ya angalau moja ya tano ya maumivu yao. Mwalimu, tafadhali isome idadi hiyo mara ya pili, kwa sababu ndiyo jibu la swali lako: watu 60 katika 100 wangeweza kusimama mbele ya chama na kutoa ushuhuda wa kweli kuhusu kidonge kisicho na chochote. Waliomeza glukosamini na kondroitini pamoja walikuwa 67 katika kila 100, tofauti ambayo kihesabu haikuweza kutenganishwa na bahati. Kikundi kidogo cha wenye maumivu ya wastani hadi makali kilionekana kunufaika zaidi, na wauzaji hawaachi kukitaja. Hata hivyo, baadhi ya wagonjwa walipofuatiliwa kwa miaka miwili, hakuna kundi lililolishinda waziwazi lile la kidonge kitupu.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile ambacho huenda kimo ndani ya kidonge bila kuandikwa. Mwaka 2022 mamlaka hiyo ya Marekani ilionya zaidi ya mara moja kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama vitu vya asili, huku maabara ikikuta ndani yake diklofenaki, ambayo ni dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe. Sina ushahidi kwamba kopo la mama ni la aina hiyo. Lakini steroidi hupandisha sukari ya damu, na diklofenaki inaweza kuziumiza figo ambazo kisukari tayari kinazisumbua, kwa hiyo hapa hatuna nafasi ya kubahatisha. Mwombe akuonyeshe daftari lake la sukari, uzilinganishe namba za kabla ya kopo na za baada yake. Zikiwa zimepanda, nendeni kliniki na kopo lenyewe mkononi, tena asiache vidonge hivyo ghafla kabla ya kuonana na daktari, kwa maana mwili uliozoea steroidi unaweza kuzidiwa ukinyimwa mara moja.

Mkiwa huko, ulizieni mambo mawili. La kwanza ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kwa kuwa kuimarisha misuli ya paja kuna ushahidi mzuri zaidi kuliko kopo lolote la glukosamini ninalolijua, na kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja anayoipunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. La pili ni vitamini B12, ikiwa mama ametumia dawa ya kisukari iitwayo metformini kwa miaka, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipunguza mwilini, na miguu inayokufa ganzi hudhaniwa kuwa ni kisukari peke yake. Kama kipimo kitaonyesha amepungukiwa, hicho ndicho kidonge cha kununua.

Ninauza poda ya mlonge na vidonge vya vitamini sokoni Kakamega. Bidhaa zangu ni za asili, Mungu ndiye aliyeziumba. Kitu cha asili kinamdhuru nani? Mbona wataalamu mnatupiga vita? — Mfanyabiashara, Kakamega

Ndugu, sikupigi vita, na majani ya mlonge ni mboga nzuri. Tatizo langu ni pale unapoyaambatanisha na maradhi. Majaribio ya mlonge kwa binadamu, hata yale ya sukari ya damu, ni machache na madogo, na mteja wa kisukari anayeacha dawa zake kwa sababu ya poda yako anaweza kuishia wodini.

Kuhusu asili, nikusimulie habari ya karoti. Watafiti walikuwa wameona kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa uchache, wakakisia kwamba siri ni beta-karotini, ile rangi ya chungwa iliyomo kwenye karoti. Nchini Finland wakawapa vidonge vyake wavutaji sigara katika jaribio lililohusisha wanaume 29,133, wakitarajia kuwaokoa. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Marekani, jaribio linalofanana na hilo, ambapo beta-karotini ilitolewa pamoja na vitamini A, lilisimamishwa kabla ya wakati mwaka 1996 kwa sababu hiyohiyo. Karoti haikuwa na kosa. Kilichobadilika ni kipimo, na kwamba kitu kimoja kiling'olewa kutoka katika chakula kizima na kumiminwa kwa wingi katika mwili wa mvutaji sigara. Kwa hiyo mteja akikuambia anavuta sigara, usimuuzie vidonge vyenye beta-karotini.

Mwanangu ana miaka miwili na anaonekana mdhaifu. Jirani amenishauri nimnunulie sharubati ya kuongeza damu yenye madini ya chuma. Ni sawa? — Mama, Kondele, Kisumu

Mama, usimpe kabla hajapimwa, na sababu yake imetoka katika visiwa vya pwani yetu ya Afrika Mashariki. Huko Pemba, ambako malaria wakati huo ilikuwa nyingi kama ilivyo kandokando ya Ziwa Victoria, watafiti waliwapa watoto wadogo madini ya chuma na vitamini iitwayo asidi ya foliki kila siku, wakiamini kwamba wanawakinga. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisitishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa wamelazwa hospitalini au kufariki kwa kiwango cha asilimia 12 zaidi ya wenzao. Nchini Nepal, ambako jaribio kama hilo lilifanywa mahali pasipo na malaria ya kiasi hicho, madhara hayo hayakuonekana.

Lakini usichukue nusu ya habari hiyo. Katika kikundi cha watoto wa Pemba waliopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu, wale waliokuwa wamepungukiwa chuma kwa kweli walinufaika. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka chuma katika maeneo ya malaria kiende sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Mpeleke mtoto zahanati apimwe malaria, apimwe na kiwango cha damu. Udhaifu wake unaweza kuwa ni homa ya chinichini au minyoo, na sharubati ingeuficha ugonjwa huku ukiendelea kumla. Akipatikana amepungukiwa, atapewa kipimo cha uzito wake. Chupa hiyo iwekwe juu, mbali na mikono yake, kwa sababu chuma kikinywewa kwa wingi kinaweza kumuua mtoto. Chakulani, omena, maini na maharagwe vinasaidia, mradi usimpe chai pamoja na mlo, kwani chai huzuia chuma kisifyonzwe.

Mume wangu amesoma kwamba vitamini zote ni biashara ya ulaghai. Amekataa mtoto wetu apewe matone ya vitamini A, na mimi nina mimba ya miezi mitatu lakini ameniambia niache vidonge vya kliniki. — Msomaji, Bungoma

Dada, endelea kuvimeza, na tafadhali mpe mumeo ukurasa huu ausome mwenyewe.

Bwana, shaka yako ina msingi, na mimi ninayo pia. Ila shaka ya kweli hupima kila kidonge peke yake. Kipimo kilekile kilichoyaangusha makopo ya magoti ndicho kilichovipitisha vidonge vya mke wako. Mwaka 1991 jaribio la nchi kadhaa lililoongozwa na Uingereza lilionyesha kwamba asidi ya foliki, ambayo imo katika vidonge hivyo, ikitumiwa kuanzia kabla ya mimba na wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo, ilipunguza kurudi kwa kasoro hiyo kwa asilimia 72. Sehemu hiyo ya mwili hufunga katika wiki nne za mwanzo, kwa hiyo miezi mitatu ni kuchelewa kwa faida hiyo moja. Chuma kilicho katika kidonge hichohicho bado kinahitajika, kwani damu ya mama mjamzito hupungua kwa urahisi, na upungufu mkubwa ni hatari wakati wa kujifungua. Kliniki hutoa vidonge hivyo pamoja na chandarua na dawa ya kuzuia malaria.

Kuhusu matone, mwaka 1986 utafiti wa Aceh, Indonesia, ulikuta vifo vya watoto vimepungua kwa takriban theluthi moja katika vijiji vilivyopewa vitamini A. Jaribio kubwa la baadaye nchini India lilipata faida ndogo zaidi, na wataalamu wanaendelea kujadiliana kuhusu ukubwa wake, lakini kwa mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 ushauri wa kumpa kila baada ya miezi sita haujaondolewa. Huko kwenu Bungoma, tena, kuna viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyosambazwa kwa wakulima kwa ajili ya vitamini hiyohiyo. Mlimie mtoto hivyo, lakini usimnyime matone.

Ninatumia ARV, kidonge kimoja kwa siku, na virusi havionekani tena kwenye vipimo. Naweza kuongeza vidonge vya kalsiamu na zinki? — Msomaji, Ahero

Hongera kwa kuvidhibiti virusi. Ikiwa kidonge chako kina dolutegraviri, jambo ambalo ni la kawaida sasa, basi kalsiamu, chuma, zinki na magnesiamu huishika dawa hiyo tumboni na kuizuia isiingie damuni kwa kiasi cha kutosha. Meza ARV saa mbili kabla ya virutubisho hivyo au saa sita baada yake, na ufanye vivyo hivyo kwa dawa za kiungulia, kwani nyingi zina magnesiamu au alumini. Kalsiamu na chuma zinaweza pia kumezwa pamoja na ARV iwapo ni wakati wa chakula, lakini si tumbo likiwa tupu. Siku ya kliniki beba kila kopo ulilonalo nyumbani, hata la poda uliyopewa na jirani, na umwambie mhudumu ni saa ngapi unameza kila kimoja.