Tantine, nilimwambia binti yangu maneno niliyoambiwa mimi

Jambo Tantine,

Nina miaka 34, naishi Kadutu, hapa Bukavu, nauza vikwembe, yaani vitenge, sokoni. Mama alifariki nikiwa na miaka saba, nikalelewa na shangazi. Kila siku alinikumbusha kwamba mimi ni mzigo. Nikilia, nalala bila kula. Nilipofika mwaka wa tatu wa sekondari niliacha masomo nikaanza kuchuuza, ili mdogo wangu alipiwe minerval, yaani ada ya shule. Leo yeye ni muuguzi. Mwezi uliopita walikuja kumtolea mahari. Nilipika, nilicheza, lakini moyoni nilikuwa naomba mvua inyeshe iharibu kila kitu. Kesho yake binti yangu wa miaka tisa akavunja termosi ya chai. Nikamwambia: "Wewe ni mzigo katika nyumba hii." Sauti ilikuwa ya shangazi kabisa. Tangu siku ile mtoto ananikwepa, na mimi najichukia.

Kwenye chumba cha maombi wamesema ni pepo wa wivu. Nimefunga, haliondoki. Binamu yangu wa Ubelgiji ananitumia audio za "kazi ya kivuli": nisimame mbele ya kioo, niongee na mtoto aliye ndani yangu, nijisamehe. Tantine, huu si uchawi? Na mama aliyetamka neno kama lile, anajisameheje?

Mama wa Kadutu

*

Mdogo wangu,

Nianze na binti yako, maana yeye hawezi kusubiri mpaka wewe upone. Kabla ya kioo na kabla ya audio nyingine yoyote, tafuta wakati mko wawili tu, hata kama ni mnapochambua sombe, umwambie: "Siku ile nilikuambia wewe ni mzigo. Si kweli. Nilikosa, na wewe hukustahili kuambiwa hivyo." Ishie hapo. Usimsimulie habari za shangazi, bado ni mdogo. Usilie mpaka yeye ndiye aanze kukubembeleza. Usimdai jibu pia. Huenda akanyamaza, akainuka, akaenda kucheza. Mwache aende. Neno litakuwa limeshaingia.

Najua kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha, na wako watakaokuambia utapoteza heshima. Mimi napokea barua za watu wenye wajukuu ambao bado wanaisubiri sentensi hiyo moja kutoka kwa mzazi aliyekwisha kuzikwa. Binti yako asiwe mmoja wao.

Sasa swali lako. Hapana, si uchawi. Wazo hilo lilitoka kwa Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi aliyeishi kuanzia 1875 hadi 1961, naye alikuwa mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti. Alifundisha kwamba mtu anapokua anajua mapema ni mambo gani ya nafsi yake yanapokelewa nyumbani na yapi yanaadhibiwa. Yanayoadhibiwa anayaficha, na baada ya miaka mingi hata mwenyewe hajui tena kwamba anayo. Huko kufichwa hakuyaui. Jung aliyaita kivuli cha mtu. Aliongeza jambo linalokuhusu sana: kile tunachokataa kukiona ndani yetu, tunakiona haraka kwa mwenzetu, na tunamwadhibu yeye kwa ajili yake.

Soma tena barua yako ukiwa na hilo akilini. Nyumbani kwa shangazi, machozi yalikunyima chakula, kwa hiyo ulijifunza kutokulia. Kuhitaji kitu kulikufanya mzigo, kwa hiyo ulijifunza kutokuhitaji. Uliacha shule kwa hiari yako, sawa, lakini nakuuliza: je, msichana aliyeambiwa kila siku kwamba ni mzigo alikuwa na njia gani nyingine ya kuonyesha kwamba anafaa kulishwa? Umeishi miaka yote hii ukithibitisha kwamba wewe si mzigo kwa mtu yeyote. Halafu mtoto mdogo anavunja kitu, anasimama pale akihitaji kusamehewa bure, bila kulipa chochote. Wewe hukuwahi kusamehewa bure. Naona hapo ndipo lile neno lilipotokea.

Sisemi hivi ili kukutetea. Neno lilimuumiza mtoto, na linabaki kosa lako. Ila huwezi kulizuia lisirudi kama hujui linatokea wapi. Wewe unaishi Kadutu, unajua maji ya mlimani: ukiyazibia njia yake bila kuyachimbia mfereji, yanapita nyumbani kwa jirani, na jirani wa karibu kuliko wote ni mtoto wako.

Wivu nao nauheshimu kuliko wanavyouheshimu kwenye chumba cha maombi. Kuomba endelea, imani yako ni yako na inakubeba. Lakini hicho walichokuambia ukifukuze, mimi nakiona ni huzuni ambayo haijapata kilio chake. Ulimwona mdogo wako akipokelewa na watu wote, amevaa, amesoma, ana kazi, na kila kitu kilichokuwa mbele yako kilikuwa na jasho lako ndani yake bila jina lako. Lini ulililia shule yako? Nadhani hujawahi. Mtu akifiwa tunakaa matanga. Wewe ulifiwa na masomo, ukaingia sokoni asubuhi yake. Kufunga chakula juu ya huzuni kama hiyo, tena na mwili uliochoka, kunaongeza ukali tu, na watoto ndio wanaoupokea.

Ujue pia kwamba hukuwa peke yako. Kwa miaka mingi wazazi wa Kongo hii yetu walilipia hata shule ya msingi, na mishahara ya walimu ilitegemea mifuko yao. Elimu ya msingi bila malipo ilianza kutekelezwa mwaka 2019 tu. Asiyelipa minerval alirudishwa nyumbani, na pesa zikiwa za kumlipia mtoto mmoja tu, mara nyingi msichana mkubwa ndiye aliyebaki. Wako wengi hapo sokoni pamoja nawe, wenye meza za vitenge, za sambaza, za unga, na kila mmoja anaamini kwamba uchungu ule ni aibu yake binafsi.

Hilo la kukumbuka kwamba hauko peke yako ni moja kati ya mambo matatu anayoyataja Kristin Neff, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Texas kule Marekani, aliyeanza kuchapisha tafiti zake kuhusu kujihurumia mwaka 2003. Mengine mawili ni kujisemesha kwa upole, na kuyatazama maumivu yako kama yalivyo, bila kuyakana na bila kuzama ndani yake. Wewe hilo la upole ndilo litakalokushinda mwanzoni. Unajua kusema kwa upole na wateja, na mdogo wako, na mume. Na nafsi yako unasema kwa mdomo wa shangazi. Unapojichukia usiku kucha kwa sababu ya ile termosi, nani anaongea? Unamwadhibu tena msichana yuleyule, kwa maneno yaleyale.

Naisikia hofu yako: nikijihurumia, si nitarudia? Wengi tunaamini kwamba kujipiga ndiko kunakotunyoosha. Mwaka 2012 Juliana Breines na Serena Chen wa chuo kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti ambamo watu walikumbushwa jambo baya walilolitenda hivi karibuni na linalowasumbua dhamiri. Walioongozwa kujiandikia kwa huruma na uelewa ndio waliotoka na nia kubwa zaidi ya kurekebisha kosa na kutolirudia. Mimi sikushangaa. Anayejiona mwovu kabisa anajificha, na anayejificha hawezi kumkaribia mtoto aombe msamaha. Wiki zote hizi umemkwepa binti yako kama yeye anavyokukwepa, au nakosea?

Kuhusu kioo, kiache kama kinakufanya ujidharau. Hakina nguvu yoyote ya pekee. Nakushauri kaye na bik, yaani daftari na kalamu. Umeme wa SNEL ukikatika na watoto wakilala, washa taa yako ndogo, andika dakika kumi na tano, si zaidi. Mwanasaikolojia James Pennebaker alijaribu jambo hili Marekani mwaka 1986: wanafunzi walioandika kwa siku nne mfululizo, dakika kumi na tano kila siku, juu ya tukio lililowaumiza na walivyojisikia, walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku zilezile, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba faida hiyo mara nyingi ni ndogo na haimfikii kila mtu. Kwa hiyo usingoje muujiza, na usishtuke ukilia.

Usianze na kifo cha mama yako. Anza na termosi, ni jambo la ukubwa unaoweza kuushika. Ulisikia nini mwilini kabla sauti haijapanda? Neno lile ulilisikia mara ya kwanza wapi, ulikuwa umefanya nini, nani alikuwapo akanyamaza? Andika kwa Kiswahili chetu, au Kimashi kama ndicho kinachokuja, bila kusahihisha. Ukimaliza, geuza ukurasa, uandike tena kama unamjibu mdogo wako aliyekuletea habari hiyo akiwa analia. Yeye ungemwambia nini? Ndiyo maneno hayo ninayotaka uyasome ukiwa peke yako. Ukiogopa mtu asikute kaye, tia kurasa kwenye moto wa mbabula asubuhi. Kazi itakuwa imeshafanyika.

Mdogo wako usimweleze sasa ile sala ya mvua. Binamu yako atakuambia ukweli wote usemwe, lakini kuna ukweli unaomtua msemaji na kumtwisha msikilizaji. Siku uchungu utakapopungua, mwambie jambo jingine ambalo pia ni kweli: kwamba ulitamani sana kusoma, na kwamba siku ya mahari ungependa mtu angelitaja jina lako. Huenda hajui. Watoto waliolipiwa masomo na dada zao mara nyingi hawajui bei yake.

Na shangazi? Usijilazimishe kumsamehe kwa sababu audio imesema. Kuelewa lilikotoka neno lake ni kitu kimoja, kumsamehe ni kingine, na hicho cha pili hakina tarehe.

Kuna mahali nataka usimame. Ukiona kuandika kunakunyima usingizi siku baada ya siku, picha za zamani zinakuvamia mchana sokoni, mkono unataka kumpiga mtoto, au unawaza kwamba afadhali ufe, funga kaye uende kwa mtu siku hiyohiyo. Hapa Bukavu kuna kituo cha SOSAME cha Mabruda wa Upendo, wanaotibu magonjwa ya akili, na usikubali maneno ya mtaani kwamba ni pa vichaa. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha daktari Denis Mukwege mwaka 1999, iliona mapema kwamba kuwashona wanawake waliobakwa mwili tu hakutoshi, ikaweka na wasaidizi wa nafsi kando ya wapasuaji. Kama hujui pa kuanzia, muulize mdogo wako muuguzi njia ya kupata mwanasaikolojia. Ruhusu mara hii yeye akusaidie wewe.

Limebaki la shule, ambalo hukuliuliza. Kwetu Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, hupokea pia watu waliojisomea wenyewe, wale wanaoitwa autodidactes. Wewe uliishia mwaka wa tatu, kwa hiyo njia ni ndefu na soko halitakupa muda mwingi. Lakini pitia kwenye shule ya sekondari iliyo karibu nawe, waulize masharti ya mwaka huu na ada yake. Uliza kwa ajili yako mwenyewe, na ukitoka huko usimwambie mtu yeyote mpaka utakapojua unachotaka.

Tantine